Kumbe Lina Jina

Barua ya chuo, kutoka Unguja,
iko chini ya kopo la biskuti siku ya tisa leo.
Ikifika saa sita usiku, nafasi yangu apewe mwengine.
Ada imeandikwa kwa tarakimu, kisha kwa maneno,
kama kwamba tarakimu peke yake
zisingetosha kunitoa jasho.

Mimi nilijisomea hapahapa Wete,
chumba cha nyuma cha duka la Mbarouk Shaame,
baina ya mabati na mifuko ya saruji.
Kompyuta bawaba imekatika,
nimeifunga kwa waya wa kufungia nondo.
Kifurushi nikinunua cha usiku wa manane, ndicho rahisi,
na umeme nao una saa zake.

Nilianza na deni. Mbarouk alikuwa na madaftari saba,
na ndani yake Hamad watatu, wote wa Mtambwe:
mmoja kalipa, mmoja hajalipa, mmoja hajakopa kabisa,
na huyo wa tatu ndiye aliyepelekwa kwa sheha.
Nikaandika programu, kila Hamad na namba yake.
Siku ilipokubali nilicheka peke yangu
hata Mbarouk akauliza kama nimeletewa posa.

Sasa inatumika maduka kumi na moja,
mpaka la dawa kule Chake.
Hakuna aliyeniuliza cheti.
Waliuliza bei, kisha wakaomba nipunguze.

Basi chuoni nifuate nini?
Binamu yangu Faki shahada anayo, imo ndani ya kioo,
mama yake huipangusa kila Ijumaa.
Juzi alinipigia, sauti kaishusha:
"Yakhe, kitu hichi kinakataa, hebu nitazamie."
Nikamtazamia. Nukta-mkato moja, kaisahau.
Nikatamba siku mbili. Naungama.

Siku ya tatu wakaniita duka la dawa.
Kutafuta jina la mgonjwa mmoja, dakika nne.
Foleni imetoka nje hadi barazani, mtoto analia,
kwa sababu programu yangu ilikuwa inamuuliza kila mtu,
tangu wa mwanzo: ni wewe? ni wewe? ni wewe?
Watu elfu thelathini nawapigia hodi
namtafuta Time Kombo wa Ole.

Wiki tatu sikulala vizuri.
Nikagundua: yapange majina kwanza, fungua katikati.
Yuko mbele? Itupe nusu ya nyuma.
Fungua katikati tena.
Mara kumi na tano, haizidi, na Time huyu hapa.
Nilijiona wa kwanza duniani.

Nikamwonesha Faki. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma.
"Hiyo ipo," akasema. "Tulisomeshwa mwaka wa kwanza,
Jumanne moja, kabla ya chakula."
Akanitajia na jina lake.

Kumbe lina jina.
Kumbe wiki zangu tatu ni ukurasa mmoja wa kitabu cha watu,
na ukurasa wa pili
sijui una nini.

Lakini Faki, kitu hicho alisoma, akafaulu, akakiacha mlemle.
Mimi hata nikiugua homa nitakitaja.
Sijui ipi bora. Kweli sijui.

Mama anakuna nazi, hakunitazama.
"Hizo wiki tatu, ulilipwa?"
"La."
"Basi na hiyo ilikuwa ada."
Kisha akaniambia nilete maji.

Saa tano na nusu. Nafungua fomu.
*Uzoefu wako*: kisanduku chenyewe hakitoshi hata Hamad watatu.
Naandika jina langu, nabonyeza.
Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka.
Ah. Nakijua kinachofanya huko ndani:
kinapita mlango kwa mlango,
ni wewe? ni wewe?

Nangoja kinifikie.